Je, Kukumbuka Ni Wema?

Katika maisha yangu ya ualimu nimesikia tabia nyingi njema zikisifiwa, lakini sijui iliyosifiwa bila kipingamizi kama kukumbuka. Tunamsifu mwanafunzi anayekumbuka somo, mzee anayekumbuka mipaka ya mashamba, na mtu anayekumbuka fadhila alizotendewa. Anayesahau tunamwita mzembe au mtovu wa shukrani. Hata chuoni, tulipowafundisha walimu watarajiwa namna ya kutunga mtihani, tulisema kwa maneno mazuri kwamba tunapima ufahamu na uchambuzi. Karatasi zenyewe zilipotoka zilikuwa zimepima kukumbuka. Swali ninalotaka tulitazame, ndugu msomaji, ni kama kukumbuka ni wema kwa asili yake, au ni chombo tu kama panga, ambacho wema wake hutegemea kinavyotumika. Mfano nitakaoutumia sikuutoa katika vitabu vya falsafa. Nimeutoa katika damu ya mgonjwa wa homa ya dengi.

Homa hii si mgeni kwetu wa pwani. James Christie, daktari kutoka Uingereza aliyefanya kazi Unguja, aliandika mwaka 1872 juu ya homa iliyoenea kisiwani humo mwaka 1870, ambayo wenyeji waliiita kidinga pepo. Wazee walikumbuka kwamba ilikwisha kupita hapo zamani, yapata mwaka 1823. Wapo wanaosema kwamba jina linalotumika leo duniani kote lilitokana na neno hilo la Kiswahili, na wapo wanaosema ni la Kihispania. Ugomvi huo nawaachia wanaisimu. Kinachonivuta mimi ni jambo jingine. Wataalamu wa baadaye, waliposoma tena maelezo ya maumivu ya viungo yaliyodumu kwa muda mrefu, walishuku kwamba homa ile ya Unguja huenda haikuwa dengi kabisa, bali chikungunya, ugonjwa uliokuja kutambuliwa rasmi mwaka 1952 na 1953 huko Newala, na jina lake likatokana na Kimakonde, kwa jinsi unavyomkunja mtu. Homa hizi mbili hufanana. Zote huletwa na mbu yule yule, na mtu akiziona kwa macho tu ni rahisi kuipa moja jina la mwenzake. Tulishike jambo hilo la kufanana, maana ndilo shina la maneno yangu yote.

Mbu mwenyewe huitwa Aedes, ni mweusi mwenye madoa meupe miguuni, naye huuma mchana. Hutaga katika maji yaliyotuama karibu na watu: vifuu, matairi mabovu, mapipa yasiyofunikwa. Anapouma huingiza virusi ndani ya ngozi, na hapo ngozini wapo walinzi. Miaka ya 1990, elimu ya UKIMWI ilipoingia madarasani, tulizoea kuwaambia wanafunzi kwamba chembechembe nyeupe za damu ni askari wa mwili. Mfano huo uliwasaidia watoto kuelewa, lakini sikuupenda sana, kwa sababu askari ni mtu. Akimpiga raia tunamshtaki. Seli haishtakiwi. Hata hivyo niutumie kidogo.

Mlinzi wa kwanza ni seli inayoitwa ya dendriti. Kazi yake si kupigana bali kukamata kitu kigeni, kukipeleka kwenye matezi, na kukionyesha kwa wengine ili wajifunze sura yake. Ni kazi ya mwalimu kabisa. Sasa tazama ubaya wa kirusi hiki: humwingia mlinzi huyo huyo. Seli iliyotumwa kupeleka habari za adui humbeba adui tumboni na kumfikisha barazani. Seli iliyoambukizwa hujaribu kupiga yowe kwa kutoa kemikali iitwayo interferoni, ambayo huzionya seli jirani zifunge milango, lakini kirusi cha dengi kina protini inayovunja mmoja wa wajumbe wanaopokea yowe hilo ndani ya seli. Majirani husikia kwa shida.

Pamoja na hayo, mwili wa mtu mwenye afya kwa kawaida hushinda. Baadhi ya seli, zinazoitwa seli B, hutengeneza kingamwili, vijichombo vidogo vinavyomshika kirusi kwa umbo lake kama ufunguo na kufuli. Seli nyingine, seli T, huua zile zilizokwisha kuambukizwa. Homa hudumu siku chache hadi wiki moja, macho huuma kwa ndani, mifupa hulalamika, kisha mtu hupona. Na mwili hukumbuka. Aliyeugua dengi ya aina moja hapati tena aina ile, pengine mpaka kufa kwake. Mpaka hapa kukumbuka ni wema, na sifa zote tulizokupa unastahili, ewe kumbukumbu.

Taabu ni kwamba dengi ziko aina nne. Zinafanana kama ndugu wa tumbo moja, lakini si mtu mmoja. Anayeugua ya kwanza hulindwa na zile nyingine kwa miezi tu. Baadaye, mwaka wa pili au wa ishirini, akiumwa na mbu mwenye aina nyingine, zile kingamwili za zamani hukurupuka na kumshika mgeni. Zinamshika, ila hazimkazi. Ufunguo unaingia katika kufuli lakini haugeuki. Zipo seli kubwa, walaji wa takataka za mwili, ambazo zimeumbwa na vishikio vya kunasa mkia wa kingamwili. Zikiona kingamwili imeshika kitu, huamini kwamba kazi imekwisha kufanyika, hukimeza kile kitu ili kukisaga. Kirusi cha dengi, ambacho hakikukazwa, hutoroka kabla ya kusagwa, na hujikuta ndani ya nyumba inayokifaa kuliko zote kwa kuzaliana. Kwa hiyo mlinzi hakushindwa kuuzuia mlango. Aliufungua mwenyewe, akamkaribisha mgeni kwa mikono miwili, kwa kuwa alimfananisha na mtu anayemjua.

Seli T za kumbukumbu nazo hukimbilia vita ya zamani. Zile zilizozoea aina ya kwanza ndizo huongezeka kwa wingi, ingawa aina ya pili hazimudu vema, na huku zikimwaga kemikali za kuwasha mwili mzima. Mishipa midogo ya damu huanza kuvuja maji yake. Jambo la kutisha ni kwamba hatari hii hufika wakati homa inaposhuka, siku ambayo mama wa mgonjwa anamshukuru Mungu na kutandua kitanda. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Hapa mwili umeshtukia unyasi, na mshtuko ndio unaoua.

Aliyeliona jambo hili kwa uwazi ni Scott Halstead, daktari wa Marekani aliyefanya kazi Bangkok katika miaka ya 1960. Aliona kwamba watoto waliozidiwa walikuwa wa makundi mawili: wale walioambukizwa kwa mara ya pili, na watoto wachanga wa chini ya mwaka mmoja walioambukizwa kwa mara ya kwanza, lakini ambao mama zao walikwisha kuugua. Kundi hili la pili nitalirudia.

Ushahidi wa Kuba ulikuwa mkubwa zaidi, kana kwamba kisiwa kizima kiliwekwa katika maabara. Aina ya kwanza ya dengi iliingia mwaka 1977, ikawapata watu wengi, bila maafa makubwa. Mwaka 1981 ikaingia aina ya pili. Wagonjwa walizidi 344,000, waliozidiwa walizidi 10,000, na waliokufa walikuwa 158, wakiwamo watoto 101. Kisha aina hiyo ya pili ikarudi mwaka 1997 katika mji wa Santiago de Cuba, na safari hii waliozidiwa walikuwa watu wazima, sio watoto. Kwa nini? Kwa sababu watoto hawakuwapo mwaka 1977. Hawakuwa na la kukumbuka. Miaka ishirini ilikuwa imepita, na kumbukumbu ile ilikuwa bado imelala ndani ya wakubwa ikingojea kufananisha. (Madaktari wa huko waliona pia kwamba watu wenye asili ya Afrika walizidiwa kwa uchache kuliko wengine. Habari hiyo yatufaa kuijua sisi, bila kuifanya mto wa kulalia.)

Utafiti uliofanyika Nikaragwa na kutangazwa mwaka 2017, uliofuatilia watoto zaidi ya 6,000 wa mji wa Managua kwa miaka mingi, ulionyesha jambo ambalo lilinikosesha usingizi. Mtoto mwenye kingamwili nyingi alikuwa salama. Mtoto asiye nazo hakuwa katika hatari kubwa sana ya kuzidiwa. Aliyekuwa hatarini kuliko wote ni yule wa katikati, mwenye kingamwili za kiasi. Kwa mwalimu habari hii ni nzito, maana kazi yetu yote tumeijenga juu ya imani kwamba kujua kidogo ni bora kuliko kutojua.

Sasa, je, kingamwili imekosa? Haina nia, na asiye na nia hana hatia. Ilifanya vile vile ilivyofundishwa, na mwalimu wake alikuwa kirusi wa kwanza. Ukitaka kuilaumu, ilaumu kwa uaminifu wake. Nadhani hapa ndipo jibu la swali langu linapoanza kuonekana: kinachoumiza si kukumbuka, bali ni kukumbuka kunakokatisha kutazama. Mwili ulipomwona mgeni ulikuwa na mambo mawili ya kufanya, kumtazama upya au kumfananisha. Kufananisha ni kwepesi. Hutuokolea muda, na mara nyingi hutuokoa kweli. Mtoto akijifunza upya kila siku kwamba moto unaunguza hatafika umri wa kwenda shule. Ila lile la upesi likishazoeleka, hulinyang'anya lile la polepole nafasi yake.

Sisi wenyewe tuna tabia hiyo hiyo, tena sisi tuna macho. Dengi ilipovuma Dar es Salaam mwaka 2014, wengi niliowafahamu walianza kwa kumeza dawa ya malaria, kwa kuwa kwetu homa ni malaria tangu enzi za babu. Uzoefu wao haukuwa wa uongo. Ulikuwa umewaokoa mara nyingi. Na wengine walimeza aspirini kutuliza mifupa, dawa ambayo katika dengi huongeza hatari ya kutoka damu.

Lakini nisiwalaumu watu wa kawaida, kwa maana hata wataalamu wenye maabara walikwama penye kisiki hicho hicho. Chanjo ya kwanza ya dengi kupewa kibali, Dengvaxia, ilikubaliwa mwishoni mwa mwaka 2015. Huko Ufilipino serikali ilianza kuitoa mwezi Aprili 1916 plus miaka mia, yaani 2016, kwa watoto wa shule za umma wenye umri wa miaka tisa na kuendelea. Watoto zaidi ya 800,000 walichanjwa. Tarehe 29 Novemba 2017 kampuni iliyoitengeneza ikatangaza kwamba kwa mtoto ambaye hajawahi kuugua dengi, chanjo hiyo inaweza kumwongezea hatari ya kuzidiwa atakapoambukizwa. Sababu ni hiyo tuliyoieleza: kwa mtoto ambaye damu yake haijui dengi, chanjo ilikuwa kama maambukizi ya kwanza, na mbu wa kweli akawa wa pili. Mwezi uliofuata mpango ukasimamishwa.

Habari hiyo haikuanguka kutoka mbinguni. Mwaka 2015 kulikwisha kuchapishwa matokeo ya majaribio yaliyoonyesha kwamba, huko Asia, watoto wa miaka miwili hadi mitano waliochanjwa walilazwa hospitali zaidi ya wenzao katika mwaka wa tatu. Ndipo ukawekwa mpaka wa miaka tisa. Umri ulichukuliwa kuwa badala ya kipimo cha damu: mtoto wa miaka tisa katika nchi yenye dengi nyingi, walidhani, bila shaka amekwisha kuugua. Wengi wao, kweli, walikuwa wameugua, na kwao chanjo ilikuwa kinga nzuri. Lakini mkuu wa shule yeyote anajua kwamba hakuna darasa ambalo watoto wote wana historia moja. Katika mistari ile ya watoto waliokunja mikono ya mashati, walikuwapo ambao damu yao haikuwahi kuona dengi, na hakuna aliyewauliza.

Nina rafiki, daktari mstaafu, ambaye tunakunywa naye kahawa jioni. Hakubaliani nami.

"Mwalimu," aliniambia, "ungengoja kupima damu ya kila mtoto, usingechanja hata mmoja. Kipimo ni ghali, na vingine hutoa majibu ya uongo. Waliookolewa na chanjo ile ni wengi kuliko walioumizwa. Hesabu haidanganyi."

"Daktari, hesabu sikuikataa. Nauliza ni nani aliyemwambia mzazi kwamba mwanawe anaweza kuwa upande mbaya wa hesabu hiyo."

"Na ungemwambia, asingemleta mtoto. Huyo akifa kwa dengi, kaburi lake utaliandika jina la nani?"

Sikuwa na jibu la haraka, na hata leo nakiri kwamba swali lake lina uzito. Wanaokufa kwa sababu tulingoja hawana mtetezi, hawajulikani. Lakini naona tofauti ambayo rafiki yangu anaifumbia macho. Kutojua si dhambi. Kutouliza jambo ambalo unajua linaulizika ni kitu kingine. Niliwahi kuwa mlezi wa vijana mamia kwa wakati mmoja, waliokabidhiwa kwangu na wazazi waliokuwa mbali, na kila kampeni ya chanjo ilipofika chuoni nilitia saini kwa niaba yao. Saini ile ilikuwa nyepesi kwa kalamu na nzito usiku. Ilinilazimu kuamini kwamba aliyeniletea fomu ameniambia yote anayoyajua. Imani hiyo ikivunjika, haivunjiki kwa chanjo moja tu. Mwaka 2015, kati ya Wafilipino mia walioulizwa, 93 walikubali kwa nguvu kwamba chanjo ni muhimu. Mwaka 2018 walikuwa 32. Mwaka 2019 surua ikaenea nchini humo na kuua mamia, wengi wao watoto wadogo. Haikuwa sababu pekee, kwani uchanjaji ulikwisha kulegea hata kabla. Lakini mama aliyechomwa mara moja alifananisha sindano ya surua na ile ya dengi. Naye akashtukia unyasi.

Tangu mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba chanjo ile ipewe yule tu ambaye imethibitika kwamba aliwahi kuambukizwa. Maana yake, aulizwe kwanza.

Yote hayo yangebaki kuwa ya vitabuni kwangu kama si binti wa mdogo wangu, anayeishi Dar es Salaam. Aliugua dengi mwaka 2014, akapona. Mwaka 2019 homa iliporudi jijini na kuwapata watu zaidi ya elfu sita, alinipigia simu.

"Shikamoo baba mkubwa."

"Marahaba mwanangu, hamjambo?"

"Hatujambo. Jirani hapa wanaugua dengi, lakini mimi si nimeshaugua? Wananiambia nimekwisha kulipa deni langu."

Nilinyamaza nikifikiri kama ni wema kumjibu. Kumwambia kweli ni kumpa hofu juu ya kitu asichoweza kukiondoa katika damu yake. Tena kweli yenyewe ina pande mbili: wengi wanaougua mara ya pili hupona bila kuzidiwa, na wanaozidiwa wakipata maji ya mshipa kwa wakati na uangalizi mzuri, wanaokufa huwa chini ya mmoja katika mia. Kunyamaza kungekuwa kwepesi, na kungefanana sana na upole. Ila nilikuwa nimekwisha kumwuliza daktari swali langu juu ya wazazi wa Ufilipino, na swali hilo sasa lilikuwa limekaa mbele yangu likinitazama. Nikamweleza zile aina nne. Nikamwambia akipata homa apime dengi na malaria pia, asimeze aspirini, na homa ikishuka huku tumbo likiuma sana, akitapika mfululizo, au fizi zikitoka damu, asiseme amepona, aende hospitali.

Akasikiliza. Kisha akauliza swali ambalo nililiogopa, maana alikuwa na mtoto wa miezi minne.

"Na huyu?"

Nikamwambia kwamba mtoto hupokea kingamwili za mama kupitia kondo la nyuma kabla hajazaliwa. Wala si kwa maziwa, kwa hiyo asithubutu kumwachisha. Miezi ya mwanzo kingamwili hizo humlinda. Zikipungua, kipo kipindi cha katikati, hasa kati ya miezi sita na tisa, ambapo zimebaki za kiasi tu, na dengi ya kwanza ya mtoto inaweza kumwendea kama ya pili. Baadaye huisha kabisa.

"Basi, baba mkubwa, nimempa mwanangu sumu?"

"Umempa ulichokuwa nacho. Hiyo hiyo ndiyo inayomkinga na surua sasa hivi. Kwa nini unadhani kliniki wanangoja miezi tisa ndipo wamchanje surua? Kwa sababu kabla ya hapo ulinzi wako bado uko ndani yake, una nguvu hata ya kuizima chanjo."

Akanyamaza kidogo. Akasema kliniki yao ni Jumatano, na kwamba atamlaza mtoto ndani ya chandarua hata mchana. Kisha akaniambia nisikate simu kwanza, kwani amekumbuka sahani za vyungu vya maua pale barazani. Nikasikia maji yakimwagika, moja baada ya nyingine.